Somo ya Seneta

Tangu nirudi kutoka Johannesburg, kila nikiingia chumba cha walimu nakuta kiti kimesogezwa na chai imeshamiminwa, ili nisimulie. Nimesimulia vipande vipande mpaka vimechanganyika. Mwalimu Salehe anaamini nilionana na Seneta wa Marekani, na jirani yangu Mwanahawa anapita mtaani akisema nilikwenda kuzika. Sikuonana na Seneta wala sikuzika mtu, ingawa kulia nililia. Naandika yote hapa kwa mpangilio wake, na atakayeniuliza tena nitampa madaftari yangu asahihishe.

Mambo ya pasipoti na foleni zake nayaruka. Mnayajua, na mimi nikiyakumbuka damu inanichemka.

Kwanza asiyejua ajue. Baba yetu ujanani alisomeshwa Marekani na mfuko wenye jina la Seneta Marlbrook, mzee aliyekaa kwenye Seneti yao miaka mingi hata jina lake likawekwa kwenye kila kitu kinachoweza kuwekwa jina. Baba aliporudi Tanga akamzaa mtoto wa kwanza, akampa na yeye jina hilo. Ndiyo maana kaka yangu, mtoto wa Chumbageni, anaitwa Marlbrook, na watu wa mtaani wakalilainisha wakamwita Malibruki. Picha ya Seneta ilitundikwa sebuleni juu ya redio. Kaka akileta alama mbaya, baba hakumchapa. Alimwonyesha picha tu, akamwambia, "Mtazame somo yako." Kwetu somo ni mtu mnayechangia jina, na unamwona kama nduguyo hata kama hamjaonana.

Kaka alikwenda Johannesburg kutafuta nafasi ya kusoma kwa mfuko uleule, uliokuwa na ofisi huko. Mwanzoni alipiga simu: anasoma, anaendelea vizuri, anakaa karibu na "somo yangu". Baadaye simu zikakatika. Miaka minane. Baba alipofariki tulitangaza kila mahali, redioni, misikitini, kwa kila aliyekuwa na ndugu huko kusini. Kaka hakuja wala hakutuma neno. Ukoo ukakata shauri kwamba mtoto wa kwanza asiyefika kwenye maziko ya baba yake hayupo tena duniani, na kwa hiyo asomewe hitma. Mama akasema, "Mtu hai asomewe hitma? Na mimi nipo?" Wakamwambia alete uthibitisho. Akapewa wiki mbili, hitma isomwe Ijumaa ya pili. Wakatazamana nani aende, na macho yote yakaniangukia mimi, Mwanaidi, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Hiyo ilikuwa 2018.

Kutoka Tanga mpaka mpaka wa mwisho

Jumamosi niliondoka, Alhamisi nikafika. Katikati hapo nilizeeka.

Baada ya Lusaka basi lilizimika porini. Dereva akasema dakika kumi. Tulikaa saa tisa. Wanawake wa kijiji cha karibu wakaja na mabeseni ya viazi vitamu vya kuchemsha na karanga, nikala mpaka nikamsamehe dereva, kisha akasema tena dakika kumi na msamaha ukaisha. Jirani yangu kitini alikuwa Mzee Mwakalinga wa Mbeya, anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Alikuwa na kikapu cha mchele mapajani ambacho hakukiweka chini safari nzima.

"Unakwenda kwa nani, mwalimu?"

"Namtafuta kaka yangu. Marlbrook."

Akanigeukia. "Yule wa Marekani?"

"Wa Tanga."

"Mimi nimesoma kwenye darasa lenye jina hilo juu ya mlango," akasema. "Nilidhani ni kampuni ya mabati."

Nilicheka, halafu nikaacha. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kumtafuta mtu mwenye jina la kwenye milango ni tofauti na kumtafuta Juma au Hamisi. Nilidhani jina geni ndilo rahisi kulipata. Mtu mmoja tu Afrika nzima, atakosekanaje?

Fordsburg: mtaa wenye jina la kaka

Nilifikia Fordsburg kwa sababu kuna misikiti na chakula nisichokitilia shaka. Ijumaa asubuhi, mbele ya nyumba ya wageni, nikamwona mama anauza maandazi ya moto. Nikanunua matatu nikashukuru Mungu. Nikauma la kwanza: halina sukari, na ndani lina nyama nyekundu nisiyoijua ilikochinjwa. Wao wanayaita magwinya. Nikabaki nimesimama barabarani na tonge mdomoni, simezi sitemi, mpaka mwenye duka la vitambaa akaniletea karatasi.

Huyo mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye kofia, ndiye niliyemwuliza kwanza. Nikamwambia kwa Kiingereza namtafuta Marlbrook.

"Marlbrook! Karibu sana. Nenda moja kwa moja, robot ya pili ukate kushoto."

Nikaenda kutafuta roboti. Nilichungulia maduka ya vifaa vya watoto, nikaona wanasesere, magari, hata farasi wa plastiki. Nikarudi kumwambia hakuna roboti. Akacheka mpaka akaketi: robot kwao ni taa za barabarani. Mimi sikucheka. Watu wanazo taa, kwa nini waziite roboti?

Nilipokata kushoto nikamkuta Marlbrook. Ni kibao cha mtaa. Mtaa wenyewe mfupi, ukiingia umeshatoka, na ukutani pana bamba linaloeleza kwamba Seneta huyo alipiga kura kwao Marekani dhidi ya serikali ya ubaguzi. Nikalisoma mara mbili. Sikujua hayo. Baba alitueleza habari za alama zetu tu, hili la kura hakulisema kabisa, au alilisema na mimi nilikuwa mdogo. Nikawauliza wauza mazulia wote wa mtaa ule kama kuna mtu wa Tanga anaitwa jina la mtaa wao. Walinitazama kwa huruma. Mmoja akasema, "Marlbrook iko nyingine, mama. Ukumbi, Doornfontein."

Ukumbi! Nikakumbuka maneno ya kaka, anakaa karibu na somo yake. Jioni hiyo nilikula biriani nzuri kuliko ya harusi yangu, na nikalala nikiwa na hakika kwamba kesho namkamata.

Doornfontein: amechelewa

Ukumbi wa Marlbrook uko katikati ya maghorofa ya zamani, karakana za kushona na wanafunzi wanaotembea haraka. Jina lake limeandikwa juu kwa herufi kubwa za chuma. Mlangoni palikuwa na mlinzi kijana mwenye adabu.

"Shikamoo" haikusaidia, kwa hiyo nikatumia Kiingereza changu cha darasani. Nikamwambia nimekuja kutoka Tanzania kuonana na Marlbrook.

Akavua kofia. "Eish, pole mama. Marlbrook is late."

Amechelewa! Jamani, nilivyofurahi. Maana yake yupo, ila hajafika. Nikamwambia hapana shida, nitamsubiri. Mlinzi akanitazama, akatazama chini, akaniletea kiti chake. Nikaketi. Saa tatu, saa nne, saa tano. Kila nikimwuliza, anajibu vilevile kwa sauti ya chini zaidi, na mimi moyoni namlaani kaka: miaka minane hujabadilika, bado unachelewa.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na saluni ya Wakongomani. Mwenye saluni akavuka na kitana mkononi. Anaitwa Mama Nsimire, mtu wa Bukavu, mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi.

"Weye mama, uko nangojea nani tangu asubuyi?"

Kusikia Kiswahili nikapumua. "Namngojea kaka yangu Marlbrook. Wanasema amechelewa."

"Amechelewa? Nani alisema?"

"Mlinzi. Kasema ni late."

Akaweka kitana kifuani. "Ee Mungu wangu. Mama, huku late haiko kuchelewa. Late ni mutu yenye alishakufa."

Sikumbuki niliangukaje. Nakumbuka nilikuwa sakafuni, kanga imenitoka kichwani, napiga ukelele kama tunavyopiga kwetu. Kwa hiyo ukoo ulikuwa kweli. Kwa hiyo mama alikosea, na mimi ndiye nitakayempelekea habari. Mama Nsimire akanishika, akaita wenzake kwa sauti, na wanawake wanne wakatoka saluni, mmoja nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama. Wakanivusha barabara, wakafunga mlango wa saluni, wakanikalisha chini kwenye jamvi. Kwao vilevile mfiwa haachwi peke yake. Wakalia na mimi. Walilia kweli, kila mmoja na wake aliyemwacha nyumbani, na yule wa nusu kichwa akaimba wimbo wa kanisani ambao sikuuelewa ila ulinichoma.

Baada ya muda Mama Nsimire akanifuta uso. "Alikufa mwaka huu tu. Walileta maua mingi. Hata picha yake ingali mu mlango."

"Picha?"

Tukavuka tena kuiangalia, mimi nimeshikwa mikono yote miwili. Ndani ya kioo cha mlango palikuwa na picha kubwa yenye utepe mweusi. Mzungu. Mzee, mvi tupu, tai ya rangi ya damu ya mzee. Uso uleule wa sebuleni kwetu, umeongezewa miaka.

Mama Nsimire akaitazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha.

"Huyu muzungu njo kaka yako?"

"Siye!" nikasema. "Huyu ni yule wa kwanza!"

Nilicheka nikilia, na sikuweza kuacha ama hili ama lile. Tulikuwa tumemlilia Seneta. Wanawake sita wa Bukavu na Tanga, saluni imefungwa Jumamosi siku ya wateja, tumemfanyia matanga mzee wa Marekani ambaye asingemjua hata mmoja wetu. Kama roho yake iliona, basi na yenyewe ilichanganyikiwa. Lakini nawaambia ukweli, nilimshukuru kwa kufa yeye, kisha nikaona haya kwa kushukuru.

Jumatano: somo ya Seneta

Mama Nsimire hakuniruhusu kurudi Fordsburg. Akanipeleka kwake, chumba kimoja ghorofa ya sita, lifti haifanyi kazi. Akapika bugali na sombe, yaani kisamvu, na dagaa wanaowaita sambaza. Nikamweleza vizuri sasa: sitafuti Seneta, natafuta mtu aliyepewa jina lake. Somo yake.

Akapiga paja. "Somo ya Seneta! Si ungesema? Iko hapa hapa mu ukumbi, kila mercredi, saa tisa."

Mercredi ni Jumatano. Sasa hapa nisikilizeni walimu wenzangu, maana ndipo ualimu wangu uliponiponza. Kama angekuwa na maana ya somo la darasani, ingempasa aseme "somo la Seneta". Kasema "ya", kama tunavyosema "rafiki yangu", "ndugu yangu", "somo yangu". Kwa hiyo ni mtu. Hii ni sarufi ya darasa la tano, nimeifundisha miaka kumi na saba. Kusema "iko" badala ya "yuko" sikukujali, kwa kuwa tangu asubuhi kwake kila kitu kilikuwa "iko", kiti, mvua na mjomba. Sikukumbuka kwamba vivyo hivyo kila kitu kwake kilikuwa "ya".

Nikampigia mama simu nikamwambia yupo, Jumatano nitamwona.

Jumatano nikavaa gauni la Idi. Nikabeba kopo la visheti nilivyotoka navyo nyumbani, vingi vimevunjika njiani. Mlinzi aliponiona akasalimu kama askari. Nikaingia ukumbini, nikakuta watu ishirini hivi, Wakongomani, Warundi, Watanzania wawili watatu, wameketi kwenye viti vya plastiki. Mbele, mwanamume mwenye miwani anaandika ubaoni: mimi ninakwenda, mimi nilikwenda, kwa Kiingereza.

Nikangoja. Nikamwuliza Mama Nsimire kwa kunong'ona, "Somo yuko wapi?"

"Njo hii," akasema, akaonyesha ubao. "Somo ya Seneta. Ya kujifunza Kiingereza. Yeye njo aliacha franga ya kulipa mwalimu."

Nilisimama. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu wote, maneno makali sana kuhusu viambishi vya ngeli. Nilisema "la"! La, la, la! Somo la! Watu wakadhani nakataa kitu. Halafu nikakaa nikalia kwenye kopo la visheti, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mama, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Yule mwalimu akaacha chaki. Ni Mkenya, Bwana Mutua, anafanya kazi ya benki Midrand na Jumatano anaondoka mapema kuja kufundisha. Akasogeza kiti mbele yangu. "Ai, pole sana mwalimu. Hebu nieleze pole pole. Huyo brother yako anaitwa nani?"

"Marlbrook."

"Hapa ukisema hivyo, kila mtu atakuonyesha ukuta. Hana jina lingine?"

Nikataka kusema hana. Lakini analo. Kwetu mtoto hupewa jina la upande wa baba na la upande wa mama, na la upande wa mama lilikuwa la babu mzaa mama. Ila baba alilifunika kabisa na lile la Marekani, hata mimi nilikuwa sijalitamka tangu utotoni. Mama peke yake ndiye aliyelitumia, jikoni.

"Shekue," nikasema.

Mburundi mmoja wa kiti cha nyuma akainua mkono kama mwanafunzi. "Shekue ya Tanga? Ya Midrand, kwa magodauni? Yeye ndiye alinionyesha hii darasa. Alikuwa anadeki humu zamani."

Visheti niliwagawia wote pale pale, vipande na vumbi lake.

Midrand

Alhamisi Bwana Mutua akanichukua kwa gari lake akienda kazini. Barabara pana, pande zote maofisi ya vioo, nyumba zenye kuta ndefu, kisha maghala yasiyo na mwisho na malori yamepanga mstari. Akaniacha kwenye geti alilolitaja yule Mburundi, akasema saa ya chakula watatoka. "Ukikosa, nipigie. Sitaenda mbali."

Nilisimama kwenye jua kwa muda wa saa mbili. Sikuuliza mtu kama amechelewa.

Walipotoka, wote walivaa vizibao vya rangi ya machungwa, na nikaogopa sitamjua. Lakini alitembea akiburuza mguu wa kushoto kama baba, nikamjua kabla sijauona uso. Amekuwa mtu mzima. Ana upara. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga, na nilikuwa sijaamua aliponiona.

"Mwanaidi?"

"Ni mimi, Kaka."

Hakuniuliza nimefikaje. Akaniuliza, "Nani amekufa?"

"Baba. Mwaka jana."

Akaketi ukingoni mwa barabara. Nikaketi naye. Wenzake wakapita na mikate yao iliyojazwa chipsi, mmoja akamsalimu, "Sharp, Shekue," naye akainua mkono bila kutazama. Alilia kimya, machozi yanaingia kwenye ndevu.

Baadaye akaniambia. Ofisi ya mfuko ilimpokea kwa shangwe kwa ajili ya jina, wakapiga naye picha chini ya ile ya Seneta. Kisha wakamwambia alama zake hazitoshi, ajaribu mwakani. Mwakani vilevile. Akapata kazi ya kudeki ukumbi.

"Nimedeki ukumbi wenye jina langu miaka miwili, Mwanaidi. Watu wakiniuliza naitwa nani, nitasemaje? Nikasema Shekue. Na baba kila nikipiga simu ananiuliza nimefika mwaka wa ngapi. Nikamwambia wa kwanza. Nikamwambia wa pili. Wa tatu ulinishinda."

"Kwa hiyo ukaona bora tudhani umekufa?"

"Sikuona bora. Kila mwezi nilisema mwezi ujao."

Hapo hasira ilinirudi. Nikamwambia kesho, Ijumaa, baada ya sala, anasomewa hitma. Mchele umeshanunuliwa. Shehe ameshaambiwa jina. Akanitazama kuona kama natania.

"Waache wasome," akasema mwishoni. "Mama nitamwambia nini?"

Nikapiga simu. Mama alipokea kabla haijalia mara mbili, na nyuma yake nikasikia sauti za wanawake na ungo, wanachagua mchele wa kesho. "Umempata?" akauliza. Nikampa kaka simu.

Aliishika kwa mikono miwili. Mama akasema haloo, haloo, Mwanaidi. Simu yangu ina sauti kubwa, nilisikia kila kitu.

"Mama," Kaka akasema.

Kule Tanga ungo ukanyamaza.

"Mama, ni mimi. Niliwadanganya. Mimi sikusoma."

Mama akasema, polepole, ili na wale waliokuwa naye wasikie:

"Hata sisi hatujasoma, mwanangu."